Mto Ngerengere: Njia Yake, Jina Lake, na Maandishi ya Wasafiri

Mito mikubwa haikosi watu wa kuitaja. Rufiji, Ruvuma na Pangani imeandikwa katika kila kitabu cha jiografia, na mtoto wa shule huijua kabla hajaiona. Mito midogo haina bahati hiyo. Jina lake huchukuliwa na msafiri mmoja aliyepita siku mbili, likaandikwa kwa kadiri sikio lake lilivyolipokea, likachapwa Ulaya, kisha likarudi kwetu likiwa na sura ambayo wenyeji wenyewe hawaitambui. Makusudi ya makala haya ni kuuchunguza mto mmoja wa namna hiyo, yaani Ngerengere wa Morogoro, na kuuliza maswali mawili: jina lake lilipatwa na nini mikononi mwa waandishi, na sisi tunaoandika Kiswahili leo yatupasa tuliandike na kulitumia namna gani. Msomaji atakayedhani kwamba jambo hili ni dogo namwomba asubiri hadi tufike kwenye gharika ya mwaka 1872. Hapo ndipo itakapoonekana kwamba herufi moja iliyozidi mwanzoni mwa jina yaweza kuficha habari ambayo nchi inaihitaji.

Kwanza na tuitazame njia ya mto wenyewe, kwa sababu jina lisilofungwa na mahali pake ni sauti tupu. Ngerengere huanza katika safu za milima ya Uluguru, upande wa magharibi, ukashuka kuelekea kaskazini. Karibu na kilima cha Mindu maji yake hukutana na ya vijito vingine, miongoni mwao Mzinga, Mlali, Mgera na Lukulunge. Na hapo ndipo lilipojengwa bwawa la Mindu katika miaka ya 1980, ambalo ndilo linaloupa mji wa Morogoro sehemu kubwa ya maji yake. Baada ya Mindu mto huuzunguka mji kwa upande wa kaskazini, ukapokea kijito cha Morogoro kinachoshuka kutoka milimani kupitia katikati ya mji, kisha ukageuka kuelekea mashariki katika nchi ya chini yenye joto. Mwisho huingia katika mto Ruvu kwa upande wa kushoto, na kwa njia ya Ruvu maji yake hufika baharini kaskazini ya Bagamoyo. Kwa hiyo maji yaliyotoka milima ile ile ya Uluguru, mengine kwa njia ya Ngerengere, mengine kwa njia ya Mgeta na ya Ruvu wenyewe, hukutana tena kabla ya kufika pwani. Ukubwa wake si wa kustaajabisha. Wakati wa kiangazi mtu mzima huuvuka kwa miguu mahali pengi. Lakini masika yakikolea hubadilika tabia.

Watu wanaoishi katika bonde hili husema lugha za jamaa moja. Malcolm Guthrie, katika mpango wake wa kuziainisha lugha za Kibantu, aliziweka pamoja katika kundi la G.30 Kizigula, Kikwere, Kizaramo, Kinguu, Kiluguru, Kikami, Kikutu, Kividunda na Kisagara. Waluguru wako milimani, na jina lao lenyewe ni la kijiografia, maana hutokana na neno la kutajia mlima. Wakami na Wakwere wako katika nchi ya chini. Tena katika karne ya kumi na tisa waliingia Wazigua chini ya Kisabengo, aliyejenga mji wenye boma imara mahali ambapo baadaye palikuja kuwa Morogoro. Mji huo ulijulikana kwa jina la Simbamwene, na baada ya Kisabengo ulitawaliwa na binti yake. Jambo la kushika hapa ni kwamba mto ulikuwa tayari una jina kabla Kiswahili hakijaandikwa katika bonde hilo, na jina hilo lilikuwa katika vinywa vya watu wa lugha zaidi ya moja.

Sasa tuje kwa waandishi. Wazungu wa kwanza walioandika habari za njia hii kwa urefu ni Burton na Speke, waliosafiri mwaka 1857. Wao walishika njia ya kusini, wakapita Zungomero katika Ukutu, kwa hiyo mito waliyoieleza zaidi ni Kingani na Mgeta. Aliyeupitia Ngerengere na kuueleza sana ni Stanley, aliyetoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, na kitabu chake kikachapwa London mwaka 1872. Katika kitabu hicho mto wetu huitwa Ungerengeri. Jina hili si kosa la mpiga chapa, kwa kuwa limerudiwa mara nyingi. Ndilo jina alilolikusudia.

Tofauti kati ya Ungerengeri na Ngerengere ni mbili, ya mwanzo na ya mwisho, na kila moja yastahili kuchunguzwa peke yake. Ya mwanzo ni ile U. Sababu yake yaweza kutafutwa katika sikio au katika akili. Katika sikio, kwa sababu Mwingereza hana katika lugha yake neno linaloanza kwa mwungano wa sauti kama ule wa ngoma au ngazi. Akiisikia sauti hiyo mwanzoni mwa neno, huona kwamba imetanguliwa na irabu fulani isiyo dhahiri, naye huiandika irabu hiyo. Katika akili, kwa sababu wasafiri wale walikuwa wamekwisha kufundishwa kanuni. Burton aliwaeleza wasomaji wake kwamba U- ni alama ya nchi, M- ya mtu mmoja, Wa- ya watu wengi na Ki- ya lugha, na akawapa mfano wa Uzaramo, Mzaramo, Wazaramo na Kizaramo. Kanuni hii ni sahihi. Lakini kanuni sahihi mkononi mwa mwanafunzi mpya hufanya kazi hata pasipostahili. Mtu aliyepita Ukwere, Ukami na Udoe kwa siku chache, kila jina likianza na U-, si ajabu akiisikia U- katika jina la mto pia. Mimi naona sababu zote mbili zilisaidiana: sikio lilileta irabu isiyo dhahiri, na akili ikaipa herufi.

Tofauti ya mwisho ni ile i mahali pa e. Hapa ushahidi tunao ndani ya kitabu kile kile. Mji wa Simbamwene Stanley aliuandika Simbamwenni. Katika maendelezo ya Kiingereza herufi e ikiwa mwisho wa neno kwa kawaida haisomwi, kwa hiyo mwandishi aliyetaka silabi ya mwisho isikike alilazimika kutafuta herufi nyingine, na i ilikuwa karibu. Majina mawili yaliyoharibika kwa namna moja ni ushahidi bora kuliko jina moja. Hata hivyo haifai kuutia ushahidi huu uzito usio wake. Watu waliomtafsiria Stanley na kumwongoza walikuwa wengi wao waungwana wa Unguja na pwani, na katika Kiswahili cha pwani mwenyi lilikuwa neno la kawaida pamoja na mwenye. Huenda basi i ya Simbamwenni ilitoka katika kinywa cha mpagazi, si katika kalamu ya Stanley. Lakini kwa Ngerengere hakuna neno la pwani linaloweza kuleta i hiyo. Hapo lawama inabaki kwa kalamu.

Ni haki pia kumtetea pale anapostahili kutetewa. Mto mwingine wa nchi ile, ambao leo twauandika Mkondoa, Stanley aliuandika Mukondokwa. Msomaji wa Kiswahili aweza kucheka na kusema kwamba Mzungu ameshindwa kutamka m ya peke yake. Nadhani angefanya haraka. Lugha nyingi za bara zimehifadhi mu- pale ambapo Kiswahili kimebaki na m- tu, na jina lililosikika bara lilikuwa na haki ya kuwa na mu- yake. Katika jambo hili msafiri aliandika kwa uaminifu zaidi kuliko sisi, ambao tumelivisha jina la watu vazi la lugha yetu. Funzo ni kwamba maandishi ya wasafiri hayafai kukubaliwa yote wala kukataliwa yote. Kila jina lazima lipimwe, na kipimo chake ni tabia ya lugha za wenyeji.

Kipimo hicho ndicho kinachotuonya pia juu ya wale watafutao maana. Jina la Ngerengere ni la kurudufu, nalo lavuta masikio. Mtu husikia ndani yake mlio wa maji juu ya mawe na kuridhika. Wengine hufungua kamusi ya Kiswahili na kutafuta neno lililo karibu. Njia zote mbili hazifai. Kurudufu ni desturi ya lugha zote za jamaa hii, na neno lililorudufiwa laweza kutoka katika kitenzi, katika jina la mmea au katika sifa ya udongo, sawasawa na linavyoweza kutoka katika mlio. Tena Kiswahili si lugha iliyouzaa mto huu. Ni lugha iliyoupokea. Anayetaka maana ya jina ataanza kwa Kiluguru na Kikami, atauliza jina hilo hutumika wapi kwingine katika bonde, na kama liko kwa kijito kingine au kwa mahali pasipo na maji, atalitia hilo katika hesabu yake. Maana isiyopatikana kwa njia hiyo ni hadithi, na hadithi ikichapwa katika kitabu cha shule haitoki tena.

Nirudi sasa kwenye gharika niliyoiahidi. Aliporudi kutoka Ujiji mwaka 1872, Stanley alipita bondeni wakati wa masika, akafika Simbamwene mwishoni mwa Aprili. Mji alioukuta si ule aliouacha. Ukuta wa mbele wa boma ulikuwa umechukuliwa na mto pamoja na nyumba zipatazo hamsini, na vijiji vya kandokando vilikuwa vimeharibiwa. Ndio mwezi ule ule ambapo kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuiangusha mikarafuu. Kwa hiyo tunayo habari ya mtu aliyeona kwa macho yake athari za furiko la mto huu zaidi ya miaka mia moja na arobaini iliyopita, mahali panapojulikana, katika mwezi unaojulikana, na ukubwa wa uharibifu umetajwa.

Ni habari ya thamani sana kwa kila anayejenga daraja, nyumba au njia ya reli katika bonde hilo. Lakini ataipataje? Mhandisi au mwanahistoria anayeitafuta Ngerengere katika faharasa ya kitabu ataitazama herufi N, naye hataiona. Imelala chini ya U, kwa jina ambalo hakuna mtu wa Morogoro anayelijua. Asipokuwa amekwisha kuambiwa kwamba Ungerengeri ni Ngerengere, atafunga kitabu na kuandika kwamba mafuriko ya zamani ya mto huu hayakuandikwa. Jina likipotea, na ushahidi hupotea pamoja nalo. Hili ndilo linalofanya maendelezo ya majina kuwa zaidi ya jambo la usafi wa maandishi.

Lakini kosa la majina halikuwa katika herufi tu. Lilikuwa pia katika mipaka ya jina. Mchora ramani hutaka mto mmoja uwe na jina moja kutoka chanzo mpaka mlango wake. Wenyeji hawakuwa na haja hiyo. Kwao jina lilikuwa la sehemu: maji haya tunayochota, kivuko hiki tunachovukia. Mto ambao Wazungu wa karne ya kumi na tisa walioutoka pwani waliuita Kingani ndio huo ambao ramani za leo huuita Ruvu. Kinyasungwe wa Dodoma hushuka ukawa Mkondoa, na Mkondoa ukaingia katika Wami. Kule Kenya, Athi huwa Galana, na Galana huwa Sabaki karibu na Malindi. Na kinyume chake, jina moja laweza kuwa la mito miwili: Ruvu yetu ina wajina wake, ule utokao ziwa Jipe na kuingia bwawa la Nyumba ya Mungu kabla ya maji hayo kuwa Pangani, na Ewaso Ng'iro ziko mbili katika Kenya, moja ya kaskazini na moja ya kusini, na anayeandika mto Ewaso Ng'iro ametaja mto mara mbili, maana ewaso kwa Kimasai ndiyo mto wenyewe.

Ramani iliposhinda, jina la sehemu moja lilipewa mto mzima na majina mengine yakafutwa. Sisemi kwamba ramani ingeweza kufanya vingine. Mto wenye majina matano hauandikiki kwa urahisi juu ya karatasi ndogo. Nasema kwamba kazi ya ramani si kazi ya kamusi. Kamusi ya majina ya mahali, kitabu cha historia na makala ya mwanaisimu vina nafasi ya kutosha, wala havina udhuru wa kurudia kufuta kulikofanywa na ramani. Jina la Kingani likitoweka kabisa, wasomaji wa Burton wa siku zijazo watadhani aliuona mto uliokauka.

Limebaki jambo la sarufi, ambalo naona halijaangaliwa ipasavyo na wanaoandika juu ya majina ya mahali. Kiswahili kina chombo ambacho Kiingereza hakina: upatanisho. Ngerengere ni mto. Lakini Ngerengere pia ni mji mdogo wenye stesheni katika reli ya kati, reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907. Na tangu mwaka 2024 abiria wa reli mpya nao huliona jina hilo njiani. Je, msomaji atajuaje lipi linatajwa? Kwa upatanisho atajua mara moja. Tukisema Ngerengere umejaa, ni mto, kwa kuwa neno mto limo ndani ya u ijapokuwa halikutajwa. Tukisema Ngerengere imekua, ni mji. Tukisema Ngerengere pana joto, ni mahali. Sentensi tatu, jina moja, wala hapana utata. Twaona lakini katika magazeti na katika vitabu kwamba watu huandika Ngerengere imefurika, Ruvu imepungua, kana kwamba mji ndio uliofurika. Wasemao hivyo wana hoja yao: majina ya pekee mengi huvutwa katika ngeli ya N, na usemi huo umeenea. Siwezi kuuita si Kiswahili. Lakini mwandishi wa habari za maji anayeacha u kwa ajili ya i ametupa chombo kizuri na hakupata badala yake.

Hali kadhalika ni vyema kutofautisha mto Ngerengere na mto wa Ngerengere. Kwa maneno ya kwanza jina na mto ni kitu kimoja. Kwa maneno ya pili twataja mto ulio Ngerengere, nao waweza kuwa kijito chochote kipitacho mahali hapo. Neno wa lina kazi yake pale jina linapoeleza sifa, kama Mto wa Mbu karibu na ziwa Manyara, ambapo mbu ndio waliotoa sifa. Lisitiwe pasipo kazi.

Kwa hayo yote napendekeza mambo manne. La kwanza, mto huu uandikwe Ngerengere, na sauti ya ng katika mahali pake pote pawili isomwe kama katika ngoma. Tena kila mwenye kuandika majina ya mito asione haya kutia alama ya ng' pale inapostahili, kwa maana maandishi ya zamani yasiyoitofautisha yametuachia majina yasiyosomeka. La pili, majina ya zamani yasifutwe bali yaelekezwe: katika faharasa paandikwe Ungerengeri, tazama Ngerengere, Kingani, tazama Ruvu, Mukondokwa, tazama Mkondoa. Mstari mmoja wa namna hiyo ungetosha kuirudisha gharika ya 1872 mahali pake. La tatu, kila jina lifuatane na habari ya sehemu ya mto ambayo jina hilo ni lake, na ya lugha ambayo lilichukuliwa. La nne, maana ya jina isichapwe mpaka lugha ya wenyeji imeulizwa.

Iko hoja moja ambayo napenda kuijibu kabla ya kumaliza, kwa kuwa ina nguvu. Yaweza kusemwa kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na ya nchi nyingi, na kwamba kazi yake ni kusanifisha. Kwamba tukianza kuhifadhi kila jina la kila sehemu ya kila kijito katika sauti za Kiluguru, Kikami na Kikwere, tutaurudisha ule mchafuko ambao Halmashauri ya Lugha iliundwa mwaka 1930 ili kuuondoa. Najibu kwamba kusanifisha maendelezo si kusanifisha nchi. Maendelezo ya Kiswahili ni mazuri kwa sababu yanaweza kuandika karibu kila sauti ya majirani zake bila kuzipotosha. Kuyatumia kuandika jina kama wenye jina wanavyolitamka ni kuyafanyia kazi yake. Yanayoleta mchafuko ni yale majina ambayo hayakutamkwa na mtu yeyote, bali yalizaliwa katika daftari la msafiri, na Ungerengeri ni mmoja wa watoto hao.

Wazee wa Kiluguru na wa Kikami wanaojua majina ya vijito vya Uluguru moja moja, kutoka mwamba hadi mwamba, wanazidi kuwa wachache mwaka hata mwaka. Wanafunzi wa isimu wanaotafuta somo la utafiti hawana haja ya kwenda mbali. Bonde moja, kutoka Mlali mpaka Ruvu, lingewapa kazi ya kutosha, na kazi hiyo ingekuwa na manufaa kwa mwanahistoria, kwa mhandisi wa maji na kwa mtunga kamusi kwa pamoja.